Panya si Mtu? Jibu kwa Wanaongoja Ushahidi wa Vumbi la Lubumbashi

Mvua zikishakata, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, vumbi ndilo linaloitawala Lubumbashi. Linatua juu ya mabati ya Katuba, juu ya nguo zilizoanikwa Ruashi, juu ya samaki na muhogo uliotandazwa katika soko la komini ya Kenya, na ndani ya nyumba ambazo akina mama huzifagia asubuhi na jioni. Limechanganyika na shaba, kobalti, risasi, kadmi, aseniki na urani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamelipima na kulieleza kwa miaka mingi sasa, na kila wanaposema kwamba linaumiza watu, wanajibiwa kwa sentensi ile ile: hayo yameonekana kwa panya wa maabara, na panya si mtu.

Sentensi hiyo ina wenyewe wengi. Wenye depo za madini wanaipenda, wasemaji wa kampuni wanaipenda, na maofisa wanaoogopa kugusa kodi ya migodi wanaipenda zaidi. Hao siwashangai. Kinachoniuma ni kuisikia kwa walimu, kwa wauguzi, kwa wanafunzi wa chuo pale Kasapa, watu wanaopaswa kujua shaka ya kisayansi inaishia wapi na kisingizio kinaanzia wapi. Hao ndio nawajibu hapa. Msimamo wangu ni kwamba majaribio ya wanyama, yakisomwa yote badala ya nusunusu, yanatosha kutulazimisha tuchukue hatua leo. Anayetuambia tungoje kwanza ushahidi wa binadamu anatuomba tuendeleze jaribio lile lile juu ya watoto wetu, bila daftari na bila ruhusa yao.

Tuanze na panya wenyewe, maana wengi wanaowataja hawajui walifanyiwa nini. Mwaka 2014 Mpango wa Taifa wa Toksikolojia wa Marekani ulitoa ripoti yake nambari 581 kuhusu metali ya kobalti. Panya wa aina mbili, wakubwa na wadogo kwa umbo, madume na majike, waligawanywa katika makundi ya wanyama 50. Kundi moja lilivuta hewa safi. Mengine yalivuta hewa yenye unga wa kobalti: miligramu 1.25, 2.5 au 5 katika kila meta moja ya ujazo, saa 6 kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa miaka 2. Hiyo ni karibu maisha yote ya panya. Saratani ya mapafu iliongezeka kwa panya wakubwa na kwa wadogo, kwa madume na kwa majike, na iliongezeka hata katika kundi lililopewa kiwango cha chini kabisa. Kwa panya wakubwa uvimbe ulijitokeza pia katika tezi zilizo juu ya figo. Yaani kilichoingia kwa njia ya pua hakikukaa puani wala mapafuni peke yake.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kiwango. Wanasema: miligramu 1.25 ni nyingi mno, hakuna mtaa wa Lubumbashi wenye hewa kama hiyo. Nakubali kwamba ni nyingi. Inazidi kwa mara 60 hivi kikomo cha miligramu 0.02 ambacho wataalamu wa usafi wa viwanda wa Marekani wanakipendekeza kwa mfanyakazi. Lakini aulizwe mtu kwa nini kiwango kinapandishwa. Tuchukue dhara linalompata mmoja kati ya 1,000. Ukiweka panya 50 katika chumba, huenda usilione hata mara moja, na ukaandika kwamba hakuna hatari. Katika mji wa watu milioni 2, dhara hilo hilo ni watu 2,000. Mtafiti hana chumba cha kuweka panya milioni 2, kwa hiyo anapandisha kiwango ili wanyama wachache waweze kuonyesha kitu. Wanaosema kipimo kimetiwa chumvi wanasahau kwamba bila chumvi hiyo jaribio lingekuwa kipofu.

Halafu tazama mambo ambayo panya yule aliepushwa nayo. Alianza kuvuta vumbi akiwa ameshaachishwa kunyonya. Alivuta metali moja peke yake. Jumamosi na Jumapili alipumzika, usiku alipumzika, na chakula chake kilipimwa kisipungukiwe na kitu. Mtoto wa mtaa wa Ruashi au wa Penga-Penga anaanza tumboni mwa mama. Anavuta mchanganyiko, anaula kwa mikono michafu na kwa mboga, anaulalia. Mara nyingi sahani yake ni bukari na sombe kidogo, nyama ni ya sikukuu; na inajulikana kwamba mwili uliopungukiwa chuma hunyonya kobalti nyingi zaidi, kwa sababu metali hizo mbili hupitia mlango mmoja utumboni. Katikati ya miaka ya 1960 huko Québec, nchini Kanada, kiwanda kimoja kilitia kobalti katika bia ili povu lisimame. Wanywaji wakaanza kufa kwa ugonjwa wa moyo, karibu 20 wakapotea kabla chanzo hakijajulikana, na madaktari waliona kwamba walioumia ni wale waliokunywa sana huku wakila vibaya. Kiasi kile kile cha kobalti, kikiwa dawa kwa wagonjwa waliolishwa vizuri, hakikuwa kimeleta maafa ya namna ile. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba maabara daima hukuza hatari. Kwa upande wa lishe, wa umri na wa mchanganyiko, maabara iliipunguza.

Hoja ya pili ni ya watu waliosoma, na inastahili heshima. Inasema kwamba mapafu ya panya mkubwa yana kasoro yake: ukimjaza vumbi lolote lisiloyeyuka, seli zinazosafisha mapafu hulemewa, mapafu huvimba kwa mwasho, na mwishowe saratani hutokea hata kama vumbi lenyewe si sumu. Hilo ni kweli. Huko Ujerumani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, panya wakubwa waliovuta chembe za nano za dioksidi ya titani walipata uvimbe wa mapafu, panya wadogo hawakupata, na ubishi juu ya maana yake kwa binadamu unaendelea hadi leo. Kama kobalti ingefuata njia hiyo, ningenyamaza. Haikuifuata. Saratani yake iliwapata panya wa aina zote mbili. Zaidi ya hayo, mwaka 1998 mpango ule ule wa Marekani ulikuwa umechapisha jaribio la salfati ya kobalti, chumvi inayoyeyuka kwenye maji. Kitu kinachoyeyuka hakizibi mapafu. Viwango vyake vilikuwa miligramu 0.3, 1 na 3, na uvimbe wa mapafu ulijitokeza tena kwa panya wakubwa na wadogo. Hoja ya mapafu kulemewa inakufa hapo, na wanaoirudia Lubumbashi wameiazima kutoka kwa titani bila kuangalia kama inaikaa kobalti.

Tena, katika kusafisha mapafu, binadamu ndiye mwenye hali mbaya. Chembe isiyoyeyuka ikifika kwenye vifuko vya ndani kabisa vya pafu, panya mkubwa huondoa nusu yake kwa muda wa miezi miwili hivi. Binadamu huchukua mwaka na zaidi. Kwa hiyo wale wanaosema mwili wa Mkatanga umeshazoea wanatuambia kinyume cha kinachotokea: tunavyoendelea kuishi humo ndivyo mzigo unavyobaki ndani. Baba aliyefanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines miaka 30 bila kukohoa hathibitishi kitu, kama vile mvutaji sigara wa miaka 90 hasafishi tumbaku.

Sasa chembe zenyewe. Unga uliotumiwa mwaka 2014 ulikuwa wa kiasi cha maikrometa moja na nusu hadi mbili. Chembe ya nano ni ndogo zaidi ya hapo: chini ya nanometa 100, na nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimeta. Chembe kama hizo hazitoki katika udongo unaopeperushwa na gari. Zinazaliwa kwenye moto: mvuke wa metali unapopoa juu ya tanuru, moshi wa dizeli wa malori yanayopanda kutoka mpakani Kasumbalesa, jenereta zinazonguruma umeme wa shirika la SNEL ukikatika, mbabula za makala jioni. Lubumbashi imekuwa mji wa matanuru tangu kampuni ya Union Minière ilipowasha la kwanza mwaka 1911, na watu wa kilimo wa chuo chetu wameuchora katika ramani ule mkondo wa uchafu ambao upepo wa kusini-mashariki uliulaza juu ya Penga-Penga hadi miti ya miombo ikafa na ardhi ikabaki uchi.

Je, udogo una maana? Una maana kubwa, kwa sababu gramu moja ya chembe ndogo ina uso mpana kuliko gramu moja ya chembe kubwa, na kemia hufanyika usoni. Mwaka 2017 watafiti wa Louisville, Marekani, walichapisha matokeo ya panya wadogo waliotiwa chembe za nano za kobalti mapafuni. Hata baada ya miezi 4 mapafu yalikuwa na majeraha na jeni zilikuwa zimebadilika. Chembe za nano za titani, katika jaribio lilo hilo, hazikuleta hayo. Kumbe si kila kilicho kidogo kina sumu sawa, na sidai hivyo. Nadai kwamba metali yetu ni miongoni mwa zile mbaya.

Panya walituonyesha pia safari ya chembe hizo. Mwaka 2004 Günter Oberdörster na wenzake wa Rochester walionyesha kwamba chembe za nano za kaboni zilizovutwa na panya hufika kwenye ubongo, kupitia neva ya harufu. Wengi walisema: pua ya panya si pua ya mtu. Lakini kwa mtu pia chembe husafiri: mwaka 2019 kundi la Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, likakuta chembe za kaboni nyeusi katika kondo la nyuma la wanawake wa huko, upande unaomwelekea mtoto. Tim Nawrot, aliyekuwa katika utafiti huo, ndiye yule yule aliyeandika na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi na Benoit Nemery wa Leuven ile makala ya mwaka 2009 kuhusu mkojo wa watu wa Katanga.

Makala hiyo ya 2009 ni jibu langu kwa pingamizi kali kuliko yote, ambalo kwa bahati wapinzani wengi hawalijui. Mtu mwerevu angeweza kusema: panya walivuta metali safi na salfati, lakini mawe ya Katanga ni heterojeniti, kobalti iliyofungwa na oksijeni, na si aina zote za kobalti zilizo sawa. Ni kweli. Hata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, lilitofautisha mwaka 2022: metali ya kobalti na chumvi zake zinazoyeyuka ziliwekwa katika kundi 2A, yaani huenda zinasababisha saratani kwa binadamu, oksidi moja iliwekwa ngazi ya chini yake, nyingine zikaachwa bila hukumu. Mwaka 1977 hamsta waliovuta oksidi ya kobalti maisha yao yote waliumia mapafu lakini hawakuongezewa saratani. Basi je, heterojeniti inakaa imefungwa, inapita mwilini kama mchanga? Mkojo wa watu 351 ulijibu. Kwa wale wanaoishi ndani ya kilometa 3 kutoka migodi na viwanda vya kuyeyushia, kobalti ilikuwa juu kuliko ilivyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Zaidi ya nusu yao walivuka kikomo kilichowekwa kwa wafanyakazi wa viwandani, na kwa watoto hali ilikuwa mbaya zaidi. Metali isiyoyeyuka haifiki kwenye mkojo. Ikiwa imefika, ilishapita kwenye damu, na ilishapita kwenye figo.

Hoja ya tatu ndiyo inayotumiwa na wenye mamlaka: tuleteeni ushahidi wa binadamu. Hapa wana silaha moja ya kweli, na ni haki nitaje. Huko Kokkola, nchini Finland, karibu wanaume 1,000 waliofanya kazi ya kobalti walifuatiliwa kuanzia 1969 hadi 2013, na saratani haikuonekana kuzidi. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu Kokkola na Lubumbashi ni ndugu wa damu: tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kobalti iliyotolewa katika terili ya Gécamines, ule mlima mweusi ulio mlangoni mwa mji wetu, ilisafirishwa hadi Kokkola kusafishwa. Metali ni ile ile. Mfinlandi, hata hivyo, alikuwa mtu mzima mwenye kazi ya zamu. Hewa yake ilipimwa, mkojo wake ulipimwa, mapafu yake yalisikilizwa, na jina lake liliandikwa katika rejista ya saratani ya taifa inayofanya kazi tangu 1953. Hata kwa ulinzi wote huo, pumu ilipatikana kati yao na ikahusishwa na kobalti. Utafiti wa Kokkola unaonyesha kwamba kobalti inaweza kufanyiwa kazi na watu wakalindwa. Kuuleta hapa kama cheti cha usalama wa mama wa Ruashi anayefagia unga ule ule bila barakoa na bila kipimo ni kuugeuza maana.

Tena upo mfano wa zamani wa kungoja. Katika miaka ya 1980 panya wakubwa waliovuta moshi wa dizeli walipata saratani ya mapafu. Lyon wakaiweka dizeli katika kundi 2A mwaka 1988. Wenye viwanda wakasema neno lile lile, mapafu ya panya yamelemewa, tuleteeni binadamu. Binadamu wakaletwa: wachimbaji 12,315 wa Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, na mwezi wa sita mwaka huo dizeli ikapandishwa kundi 1, la vitu ambavyo hakika vinasababisha saratani. Miaka 24 ilipita kati ya hukumu moja na nyingine. Katika miaka hiyo watu waliendelea kuvuta, na wale waliougua ndio waliokuja kuhesabiwa kama ushahidi. Leo kobalti iko pale dizeli ilipokuwa mwaka 1988. Anayesema tungoje ajue anaomba nini, na anaomba kwa mgongo wa nani.

Na kwa kweli ushahidi wa binadamu umeanza kuja, kutoka hapa hapa. Mwaka 1988 ilichapishwa kazi moja juu ya panya dume wadogo waliokunywa maji yenye kobalti kwa majuma kadhaa: mbegu zao zilipungua, uwezo wao wa kuzalisha ukashuka. Miaka 32 baadaye, mwaka 2020, madaktari wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walichapisha katika jarida la Lancet Planetary Health matokeo ya watoto wachanga 138 waliozaliwa Lubumbashi na kasoro zinazoonekana kwa macho, wakalinganishwa na 108 wasio na kasoro. Baba akiwa na kazi ya madini, uwezekano wa kasoro ulipanda mara 5.5. Kipimo hicho ni kipana, kinaanzia 1.2 na kufika 25, kwa sababu watoto walikuwa wachache. Hata hivyo mwanzo wake haugusi 1. Na metali katika miili ya akina mama, wa kundi hili na wa lile, zilikuwa juu mno, kati ya zilizo juu kabisa kuwahi kupimwa kwa wajawazito. Kolwezi nako, katika mtaa wa Kasulo ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya sakafu za nyumba zao, Banza na wenzake waliandika mwaka 2018 kwamba watoto walikuwa na kobalti nyingi mkojoni na dalili za kuharibika kwa DNA. Kuharibika huko ndiko kunakotajwa katika maelezo ya jinsi kobalti inavyoleta saratani kwa panya. Mlitaka daraja kutoka kwa panya hadi kwa mtu. Limejengwa Kasulo, na watoto ndio nguzo zake.

Najua neno la mwisho litakuwa kazi: unataka kufunga migodi, watu wale nini? Sijaandika popote kwamba migodi ifungwe. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2025 maji machafu ya kiwanda cha kampuni ya madini ya CDM yalipofurika katika mitaa ya Lubumbashi, serikali ilikisimamisha kwa miezi 3, kwa sababu maji yalionekana na yalipigwa picha. Vumbi halifuriki siku moja, ndiyo maana hakuna waziri anayelikimbilia. Lakini mambo ya kulifanyia yanajulikana na mengine ni ya bei ndogo. Depo za kununulia na kusagia madini zitoke katikati ya nyumba za watu. Barabara za malori zimwagiliwe kiangazi chote kwa gharama ya wenye malori, na mizigo ifunikwe. Mfanyakazi aoge na aache nguo zake kazini, zifuliwe huko huko, zisiletwe katika karai moja na nepi za mtoto. Hilo peke yake linagusa wale akina baba wa utafiti wa 2020. Mwajiri alipie. Wajawazito wa komini zote wapimwe mkojo kliniki, kama wanavyopimwa damu, na watoto wao wafuatiliwe kwa miaka. Hewa ipimwe karibu na kila tanuru, pamoja na zile chembe ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Na matokeo yabandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kila komini, kwa Kiswahili, mtaa kwa mtaa, jina la kiwanda likiwa pembeni ya namba yake.